Mnada wa mtandaoni Juba: Kwa nini muuzaji hupata mshindi lakini hapati fedha

Mtu anayetaka kuuza jenereta yake katika mtaa wa Malakia, mjini Juba, leo hana haja ya kuibeba hadi sokoni. Huipiga picha tatu kwa simu, akaiweka katika kundi la mauzo la Facebook au WhatsApp, akaandika bei ya kuanzia, kisha akasubiri watu wapande dau. Tuseme kufikia jioni watu saba wametaja bei zao, na wa saba ndiye aliyetaja bei kubwa kuliko wote. Hapo ndipo shida huanza, kwa maana mshindi huyo hapokei simu.

Malalamiko ya namna hii husikika popote watu wanapouza vitu kwa mnada wa mtandaoni, Juba, Nairobi hata London. Wauzaji wengi hulaumu bei ndogo au tabia ya wanunuzi. Lawama hizo zina ukweli wake, lakini chanzo kiko ndani zaidi. Mnada wa ana kwa ana hukutanisha vitu vitatu kwa wakati mmoja: bei, fedha na mali yenyewe. Mtandao huvitenganisha. Bei hupatikana leo, fedha huahidiwa kesho, na mali hukabidhiwa siku ambayo haijulikani. Lolote litakalotokea katika muda huo wa katikati humwangukia muuzaji.

Kazi ya dalali

Neno mnada limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuita kwa sauti, na ndiyo sababu twasema kunadi. Dalali naye asili yake ni neno lenye maana ya kuonyesha njia. Wakazi wa Malakia, ambako Kiarabu cha Juba ndiyo lugha ya kila siku, hawahitaji mkalimani hapa. Hata jina la mtaa wao ni la Kiarabu: hutaja makazi ya raia, tofauti na kambi ya jeshi. Malakal pia una Malakia yake. Mitaa hiyo ilianza kama makao ya askari waliomaliza utumishi, jamaa zao na wafanyabiashara, na tangu mwanzo ilikuwa mahali pa kununua na kuuza baina ya watu wa makabila mbalimbali waliolazimika kuaminiana.

Dalali hufanya zaidi ya kupaza sauti. Katika mnada wa samaki wa Darajani, mjini Unguja, au mnada wa mifugo wa Pugu, Dar es Salaam, mnunuzi huiona mali kabla ya kutaja bei. Dalali humtazama usoni. Anamjua aliyeshindwa kulipa juma lililopita, naye akiinua mkono, dalali anaweza kujifanya hakumwona. Dalali huyo huyo ndiye shahidi ikiwa ugomvi utatokea.

Sheria nayo hutambua uzito wa tukio hilo. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Kenya, iliyofuata ile ya Uingereza, inasema kwamba mauzo ya mnadani hukamilika dalali anapogonga nyundo au anapotoa ishara nyingine ya kawaida. Kabla ya hapo mnunuzi ana ruhusa ya kuondoa dau lake. Sheria hiyo humkataza pia muuzaji kujitajia bei mwenyewe, au kumtuma mtu amtajie, bila kuwajulisha wanunuzi kwamba ana haki hiyo. Sasa jiulize nyundo iko wapi katika kundi la WhatsApp. Je, ni pale muuzaji anapoandika “imeuzwa”, au pale msimamizi wa kundi anapofunga mjadala? Mnunuzi akisema baadaye kwamba alikuwa “anauliza tu”, hakuna wa kumbana.

eBay ilivyojaribu kuziba pengo

Mnada mashuhuri kuliko yote wa mtandaoni, eBay, ulianzishwa nchini Marekani mwezi Septemba mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Moja ya vitu vya kwanza kuuzwa humo ilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyokwisha haribika. Mtu aliinunua kwa dola 14.83 huku akijua kwamba ni mbovu. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, ila kina jambo la kuzingatia: mnunuzi alielezwa ukweli, akalipa, akapelekewa kitu chake. Posta ilifanya kazi na malipo yalifika. Mtandao ulisimama juu ya nguzo ambazo tayari zilikuwapo.

Hata hivyo wauzaji wa huko hawakukosa kero. Ya kwanza ni ya bei. Katika eBay mnunuzi huandika kimya kimya kiwango cha juu anachoweza kulipa, na mfumo humpandishia dau hatua kwa hatua, kiasi tu cha kumpita mwenzake. Mshindi basi hulipa kidogo zaidi ya kiwango cha mtu wa pili. Mnada unaokaribiana na huo ulifafanuliwa mwaka 1961 na mwanauchumi William Vickrey, aliyetunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1996. Kwa muuzaji, maana yake ni kwamba mnunuzi mmoja mwenye hamu kubwa hamsaidii. Anahitaji wawili. Akipatikana mmoja tu, mali huondoka kwa bei ya kuanzia, hata kama mnunuzi huyo alikuwa tayari kulipa mara tatu.

Tena mnada wa eBay hufungwa kwa saa iliyopangwa, si pale sauti zinapokwisha. Wanunuzi wazoefu hungoja sekunde za mwisho ndipo wataje bei yao ya kweli, wasije wakawazindua wengine. Dalali wa Darajani hawezi kufanyiwa hila hiyo: maadamu kuna mkono unaoinuka, yeye huendelea kunadi.

Kero ya pili ni ya sifa. Mwanzoni muuzaji na mnunuzi waliandikiana maoni, na kila mmoja aliogopa kulipiziwa kisasi. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilibadili utaratibu, ikawazuia wauzaji kumwandikia mnunuzi maoni mabaya. Wanunuzi walifurahi. Wauzaji walilalamika kwamba sasa mtu aliyekataa kulipa, au aliyedai kuwa mzigo haukufika, hawezi kuwekewa alama inayoonekana kwa wauzaji wengine. Ndugu zetu walioko ughaibuni wanaouza vitu kwa njia hiyo wanalifahamu jambo hili vyema. Mnunuzi akidai kurudishiwa fedha, kampuni ndiyo huamua, na mara nyingi muuzaji huona amehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Pengine kwa sababu hizo, mnada wenyewe umepungua nguvu. Leo sehemu kubwa ya bidhaa katika eBay huuzwa kwa bei iliyotajwa, kama dukani.

Juba, mahali ambapo muda una gharama

Tukirudi Malakia, tunakuta kwamba nguzo zilizombeba muuzaji wa Marekani hapa ni dhaifu. Nyumba nyingi za Juba hazina namba wala barabara yenye jina linalotumika. Mtu huelekezwa kwa msikiti, kwa kanisa, kwa kisima au kwa mti. Mnunuzi aliye Gudele hutumiwa mzigo kwa bodaboda, na mwendeshaji hupiga simu mara nne njiani. Ikiwa mnunuzi amebadili nia, mzigo hurudi, nayo nauli ya kwenda na kurudi humhusu muuzaji.

Lakini adui mkubwa zaidi ni thamani ya fedha. Sudan Kusini ilianza kutumia pauni yake mwezi Julai mwaka 2011, siku chache baada ya uhuru. Kwa miaka kadhaa kiwango rasmi kilibaki karibu pauni 3 kwa dola moja. Mwezi Desemba mwaka 2015 serikali iliiachia sarafu ielee, na mara moja kiwango kikaruka hadi zaidi ya pauni 18. Tangu hapo imeendelea kushuka. Mwaka 2024, bomba la mafuta lilipopasuka katika nchi jirani ya Sudan iliyomo vitani, mauzo ya mafuta yalipungua sana na dola ikawa adimu, na bei ya dola mitaani ikahesabiwa kwa maelfu ya pauni.

Katika hali hiyo, dau lililotajwa kwa pauni siku ya Jumatatu si dau lile lile siku ya Jumamosi. Mnunuzi anayechelewesha malipo kwa siku tano hupata punguzo ambalo muuzaji hakulitoa. Wako wanaochelewa kwa shida za kweli, na wako wanaochelewa kwa hesabu. Muuzaji hawezi kuwatofautisha.

Baadhi hukimbilia kutaja bei kwa dola. Hilo huzuia hasara moja na kufungua mlango wa ugomvi mwingine. Mnunuzi akitaka kulipa kwa pauni, watatumia kiwango kipi, cha benki au cha mtaani, cha siku ya mnada au cha siku ya kukabidhiana? Akileta dola zenyewe, noti zilizochapishwa zamani au zilizochakaa hukataliwa na wabadilishaji, au hupewa thamani ndogo. Na akileta pauni taslimu, kuna kazi ya kuhesabu: kwa kiwango cha pauni 4,000 kwa dola, jenereta ya dola 200 ni noti 800 za pauni elfu moja.

Fedha kwa njia ya simu zingeweza kupunguza mzigo huo. Kenya imekuwa na M-Pesa tangu mwaka 2007, na hapa Sudan Kusini huduma ya m-GURUSH ilizinduliwa mwaka 2019. Hata hivyo uzoefu wa Kenya unaonyesha kwamba njia hiyo nayo ina mitego. Matapeli hutuma ujumbe wa kughushi unaofanana na ule wa kampuni ya simu. Wengine hulipa kweli, wakachukua mali, kisha wakaomba muamala urudishwe kwa madai kwamba walikosea namba. Muuzaji mwenye busara hasomi ujumbe peke yake. Hufungua akaunti yake na kutazama salio.

Halafu kuna lile ambalo hakuna muuzaji anayeweza kulizuia. Usiku wa tarehe 22 Januari mwaka 2025, kwa agizo la mamlaka ya mawasiliano ya nchi, mitandao ya kijamii ikiwamo Facebook na TikTok ilifungwa Sudan Kusini. Sababu iliyotolewa ilikuwa kusambaa kwa video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini katika jimbo la Gezira, Sudan, na hofu ya visasi. Agizo lilitaja muda wa hadi siku 90, ingawa lilitenguliwa kabla ya mwezi huo kwisha. Uzito wa sababu hiyo hauna ubishi. Lakini kwa aliyekuwa na mnada wazi usiku huo, washindani wake wote walitoweka pamoja, na wengi wao hakuwa na namba zao za simu.

Mnada wa mtandaoni unaofanya kazi

Haifai kuhitimisha kwamba mnada hauwezi kuishi mtandaoni. Mfano mzuri uko katika eneo letu. Mnada wa chai wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, uliacha ukumbi na nyundo na kuhamia katika mfumo wa kompyuta wakati wa janga la UVIKO-19. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine huuzwa humo kwa dola.

Tofauti yake na kundi la WhatsApp haitokani na ubora wa kompyuta. Wanunuzi wa Mombasa wamesajiliwa. Chai huonjwa kabla ya siku ya mnada, na wakati dau linapandishwa, tayari imo ghalani chini ya mtu wa tatu. Siku ya malipo inajulikana, na mzigo hautoki kabla ya fedha kuingia. Kazi zote za dalali zimebaki. Ni sauti yake tu iliyohamishiwa katika kioo.

Mashirika yanayouza magari yaliyotumika hapa Juba hufuata njia iliyo karibu na hiyo. Mnunuzi huruhusiwa kulikagua gari, huweka bei yake katika bahasha iliyofungwa, na mara nyingi hutakiwa kutoa dhamana kwanza.

Muuzaji mdogo wa Malakia hana ghala wala wanachama waliosajiliwa, lakini anayo arubuni, yaani malipo ya awali yanayothibitisha nia ya mnunuzi. Neno hilo ni moja katika Kiswahili na Kiarabu. Anayetaka kupanda dau atume kwanza kiasi kidogo, kitakachorudishwa kwa walioshindwa na kubaki kwa muuzaji ikiwa mshindi atatoroka. Idadi ya washindani itapungua, na hilo si hasara, kwa kuwa wanaoondoka ni wale waliokuwa “wanauliza tu”. Bei ya kuanzia iwe ile ambayo muuzaji yuko tayari kuipokea, kwa sababu huenda ndiyo atakayoipata. Tangazo litaje mapema sarafu itakayotumika, kiwango cha siku ipi, na saa ya mwisho ya kulipa, isiyozidi saa 24 baada ya mnada kufungwa. Namba za simu za washindani ziandikwe kwenye karatasi.

Mali yenyewe inaweza kuwekwa katika duka la mtu anayeaminiwa na pande zote, sokoni Malakia kwenyewe, kwa ujira kidogo. Mnunuzi afike pale, jenereta iwashwe mbele yake, nazo noti zihesabiwe na kukaguliwa wakati mashine ikinguruma, kabla haijafungwa kwenye bodaboda.