Kubadilisha Oili ya Pikapu Nyumbani

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza kazi ambayo mwenye gari aweza kuifanya uani kwake mwenyewe, nayo ni kubadilisha mafuta ya injini, ambayo mafundi huyaita oili. Twawakumbuka hasa wenzetu wa Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, ambako gari dogo la mizigo hupita katika vumbi tangu mvua zikomapo mpaka zirudipo. Gari hilo likifa, si mwenyewe peke yake apataye hasara. Mkulima aliyengoja alizeti yake au vitunguu vyake vichukuliwe sokoni, naye hupata hasara.

Kwanza yatupasa kujua kazi ya oili. Ndani ya injini mna vyuma vinavyozunguka, na vingine vinavyopanda na kushuka, mara nyingi sana kwa kila dakika. Kama chuma kingegusa chuma pasipo kitu katikati, vingesagana, vingepata moto na kukwama. Oili hukaa katikati kama utando mwembamba. Tena hupunguza joto, huzuia kutu, na huchukua masizi na unga wa chuma na kuupeleka kwenye chujio. Lakini kazi hiyo huichosha. Kila mpishi ajua ya kuwa mafuta ya alizeti yakikaangiwa mara nyingi huwa meusi na mazito, wala hayafai tena. Ndivyo ilivyo oili. Kuongeza mpya juu ya chakavu si dawa, maana uchafu hubaki mle mle.

Je, ibadilishwe lini? Kitabu cha gari ndicho kisemacho. Wenye magari wengi watumiao oili ya kawaida hubadilisha kila kilometa 5,000, na yule abebaye mizigo mizito katika vumbi asichelewe. Kitabu hicho chataja pia kiasi cha oili, ambacho kwa pikapu nyingi ni baina ya lita 5 na 8, na namna yake. Alama kama 15W-40 isikutishe. Tarakimu zilizo mbele ya herufi W zaonyesha wepesi wa oili katika baridi, na zile za mwisho zaonyesha uzito wake injini ikiwa moto.

Sasa tuingie kazini. Liweke gari mahali palipo sawa, uvute breki ya mkono, na uzuie magurudumu kwa mawe. Iwashe injini kwa dakika chache tu, maana oili yenye uvuguvugu hutoka upesi pamoja na uchafu wake, lakini iliyo moto sana huunguza ngozi. Kisha izime. Pikapu nyingi zimeinuka vya kutosha mtu kuingia chini yake, basi usiinue gari bila haja. Wala usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kwa kuwa jeki huteleza, na gari likianguka halina huruma.

Weka karai pana chini ya nati ya kumwagia oili, nayo iko chini kabisa ya injini. Ilegeze kwa spana iliyo kamili, kisha uifungue kwa vidole. Ngoja mpaka oili iishe kudondoka, usifanye haraka. Ifute nati, utazame ile pete ndogo iitwayo washa, na ikiwa imechakaa uweke mpya. Irudishe kwa mkono kwanza, ndipo uikaze kwa spana, lakini si kwa nguvu zako zote, kwani nyuzi zake zikiharibika gharama yake ni kubwa.

Kisha fungua chujio. Hakikisha ya kwamba mpira wa chujio la zamani haukubaki kwenye injini. Paka oili mpya kidogo katika mpira wa lile jipya, uliweke na kulikaza kwa mkono kama ilivyoandikwa juu yake. Mimina oili mpya kwa mrija safi. Washa injini, uangalie taa ya oili izimike, na utazame chini kama kuna mahali panapovuja. Zima tena, ngoja dakika tano, ndipo upime kwa kijiti chake. Oili na iwe baina ya alama mbili. Kupita kiasi ni kosa kama kupungua, maana oili ikizidi hupigwapigwa hata ikatoa povu.

Hapo gari li tayari, lakini kazi haijaisha. Katika karai imebaki oili chafu, na hilo ndilo jambo kubwa kupita yote tuliyoyasema. Wengine huimwaga nyuma ya nyumba, au njiani ili kulaza vumbi. Nasi twasema, msifanye hivyo. Chini ya ardhi ya Mwankoko kuna maji, na visima virefu vilivyochimbwa huko huwapatia maji watu wa mji wa Singida. Kimwagwacho juu chaweza kuzama polepole pamoja na mvua mpaka kiyafikie maji. Idara ya Mazingira ya Marekani husema ya kuwa oili itolewayo mara moja katika gari moja yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Maji yakimwagika hayazoleki, na oili iliyozama ardhini haizoleki kabisa.

Wala isipakwe katika vidonda vya mtu au vya mnyama, kwa sababu ina madini yenye sumu, na kuigusa mara kwa mara kwaweza kuleta saratani ya ngozi. Nawa kwa sabuni umalizapo. Itie oili chafu katika dumu lenye kifuniko lisilotumika kwa chakula wala maji, uandike juu yake, uliweke mbali na watoto na mbali na moto. Kisha uulize katika gereji za mjini ni nani akusanyaye oili chafu, umpelekee.

Mwenye pikapu afanyaye hivyo ametunza gari lake, na pia ametunza kisima cha jirani yake.