Saa Ambayo Haikutumwa

Sisi Waafrika Mashariki wa Hyattsville tuna jirani mwenye historia inayotuhusu. Kituo cha Goddard cha NASA, pale Greenbelt, ndicho kilichosimamia setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na jina likatokana na hapo. Msimamizi wa mradi alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi wa elektroniki. Wengi husifu nyota za eksirei ilizozigundua. Mimi navutiwa na kazi iliyofichika zaidi, ya kuzisoma data za chombo kinachokwenda mbio.

Chombo cha namna hiyo hutuma biti bila kutuma saa ya kuzisomea. Mpokeaji huitambua saa kutokana na mabadiliko ya biti zenyewe, katikati ya kelele. Kitanzi cha kurejesha saa hulinganisha saa yake na biti zinazoingia, hupima kosa, hulichuja, kisha huisogeza saa kidogo. Mhandisi ana maamuzi mawili: upana wa kitanzi na daraja la kichujio.

Kitanzi kipana hufuata upesi, ila kelele hukiyumbisha. Ukiupunguza upana kwa nusu, nguvu ya mtikisiko wa kelele nayo hupungua kwa nusu. Ndiyo maana wanafunzi wengi hubana tu, wakidhani wamemaliza.

Tupige hesabu. Setilaiti inayokuja kwa kilomita 6 kwa sekunde hufanya biti 1,000 za kila sekunde zifike kama biti 1,000.02. Saa isiyojirekebisha itapotea kwa biti nzima kila baada ya sekunde 50. Kitanzi cha daraja la kwanza ni kama mpiga ngoma anayesahihisha kila pigo bila kubadili mwendo wake: mwenzake akiwa na kasi zaidi, yeye atabaki nyuma kwa kiasi kile kile. Kwa upana wa hezi 0.1, kuchelewa huko ni asilimia 5 ya biti. Ubane hadi hezi 0.01, kunakuwa asilimia 50: saa inasoma pale pale biti zinapobadilika. Hapo data zimekwisha, hata kama kelele ni ndogo.

Daraja la pili huongeza kumbukumbu ya mwendo, na ule ucheleweshaji wa kudumu hutoweka. Lakini setilaiti inapopita karibu na utosini, kasi yake ya kutukaribia hushuka haraka, kisha inageuka kuwa kasi ya kutukimbia. Daraja la pili kwenye hezi 0.1 litahimili, kwenye hezi 0.01 litateleza. Kwa maoni yangu, basi, anza na mwendo wa chombo uchague daraja, ndipo uitazame kelele uchague upana. Daraja la tatu hufuata hata badiliko hilo la kasi, lakini ni gumu zaidi kulituliza, na sioni sababu ya kulitumia pasipo na haja.

Katika saketi za kidijitali, kichujio cha daraja la pili ni namba mbili za kuzidishia na rejista moja inayokusanya kosa. Hivyo kitanzi huanza kipana ili kiikamate saa upesi, kisha namba hizo hupunguzwa ili kukibana. Rejista haifutwi, kwa kuwa ndimo mwendo uliokwisha kujulikana ulimohifadhiwa.