Tairi za Gari ya Nyumbani: Soma Ubavu Kabla ya Kuuliza Bei



Mwezi wa Aprili nilikaa kwenye mkutano wa kikundi kimoja cha kina mama uliochukua saa mbili juu ya jambo moja tu: tairi. Familia ya mwanachama mmoja ina gari aina ya Nissan X-Trail, na kwa makubaliano gari hiyo ndiyo hupeleka wajawazito na wagonjwa hospitalini. Kikundi hulipa mafuta. Wiki mbili kabla ya mkutano, usiku wa mvua, gari iliteleza kwenye mteremko ikaingia mtaroni, na ndani yake kulikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Vijana waliamshwa wakaisukuma, mama akafika, na mtoto ni mzima. Lakini kila mtu aliona kwamba tairi zilikuwa zimebaki vipara.

Sasa swali likawa: nani anunue, na anunue zipi? Mweka hazina alikuwa ameshaulizia mjini. Tairi za mtumba, nne kwa shilingi 24,000. Watu walikuwa karibu kupiga makofi. Mimi si fundi wa magari, lakini nimezunguka kwa gari za kazi miaka mingi na nimelala njiani mara kadhaa kwa sababu ya tairi. Nikawaomba twende nje, tusome ubavu wa ile tairi pamoja.

Iliandikwa 225/65R17 102H. Namba ya kwanza ni upana, milimita 225. Ya pili inasema kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Herufi R ni aina ya mfumo wa nyuzi za ndani, na 17 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Hizo usibadilishe bila kumuuliza mtu anayejua. Namba ambayo wengi huiruka ni hiyo 102, nayo ndiyo inayohusu vikundi. Ni alama ya mzigo: 102 maana yake tairi moja inabeba kilo 850. Kuna tairi ambayo itaingia kwenye rimu yako vizuri kabisa lakini alama yake ni ya chini. Sasa pakia watu watano na magunia mawili ya mahindi halafu uone. Herufi H ni ya mwendo, kilomita 210 kwa saa, na barabara zetu hazitakufikisha huko.

Tukaendelea kutafuta, tukaona namba nne ndani ya kiduara kirefu: 0915. Hiyo ni tarehe ya kuzaliwa ya tairi, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2015. Mpira huzeeka hata ukikaa tu, na jua letu huuzidishia uzee. Ikipita miaka mitano ikaguliwe kila mwaka, na ikifika kumi itoke hata kama meno bado yako.

Halafu msichana mmoja wa sekondari akasoma neno STUDLESS. Hapo ndipo nilipoelewa. Hizo ni tairi za barafu za Japani, zilizokuja na gari. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili ushike kwenye theluji. Kwenye lami yetu yenye joto mpira huo huisha haraka kama sabuni, na ukishaisha haushiki kwenye maji. Ukinunua gari iliyotoka Japani, tafuta neno hilo kwanza.

Na zile tairi wanazoita za misimu yote? Jina hilo lilianzia nchi zenye baridi kali, ambako watu hubadilisha tairi za kiangazi na za theluji. Za misimu yote ni za kati, ili mtu asibadilishe. Utaona herufi M+S, maana yake matope na theluji. Sisi misimu yetu ni miwili, vumbi na matope, kwa hiyo jiulize zaidi juu ya barabara. Kama safari zako karibu zote ni lami, chukua zenye alama H/T: hazina kelele, hazili mafuta mengi. Kama kila siku unapita murram yenye mawe, A/T ni bora, meno yake ni makubwa na huvumilia kukatwa. M/T zenye meno makubwa sana waachie watu wa msituni, kwa sababu kwenye lami iliyolowa breki zake hukutisha.

Kikundi hiki kina kilomita 9 za udongo kabla ya lami, kwa hiyo niliwaambia A/T. Lakini niliongeza kwamba kwenye udongo mweusi kama ule wa Mwea, hata A/T hujaa matope na kuwa laini kama yai. Usiku wa mvua kubwa, gari isubiri kwenye lami na mgonjwa aletwe kwa machela.

Turudi kwa zile za mtumba. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, na mpira ukichakaa mpaka ukalingana navyo, kimebaki kimo cha milimita 1.6 tu. Wakati wa mvua ni vizuri kubadilisha mapema, zikibaki 3 hivi. Sasa kuna watu huchukua tairi iliyoisha, wakaichonga mifereji upya kwa kisu cha moto, wakaipaka rangi nyeusi ikang'aa. Ukikosa vinundu hivyo, au ukiona waya chini ya mfereji, hiyo imechongwa. Iache hata kama wanakupa bure.

Tukapiga hesabu chini kwa kijiti. Tuseme mtumba ni shilingi 6,000 na inakwenda kilomita 12,000: hiyo ni senti 50 kwa kila kilomita. Mpya tuseme ni 14,000 na inakwenda kilomita 50,000: ni senti 28. Mweka hazina aliirudia hesabu hiyo mara mbili.

Wengine walitaka zinunuliwe mbili kwanza. Kwa gari inayovutwa na magurudumu mawili, sawa, na mpya zifungwe nyuma, maana nyuma ikiteleza gari huzunguka. Lakini hii inavuta kwa yote manne, na tairi zisizolingana huumiza mitambo. Basi zikawa nne. Upepo upimwe asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa kufuata karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye ubavu wa tairi ni ya kiwango cha juu kabisa, usiifuate. Karatasi ikisema 230 kwa kipimo cha kPa, gawa kwa 7, upate kama 33 za petroli stesheni. Na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi.

Mwishowe familia ilikubali kulipia mbili, na kikundi mbili kwa mkopo wa miezi minane. Kila kilomita ya safari ya kikundi, shilingi 2 zitawekwa kando kwa ajili ya tairi zijazo. Mweka hazina alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaenda kusoma mita ya gari.