Safu za bao na hekima ya programu huria

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia siku moja uso umemshuka. Alikuwa amekusanya insha mia mbili za wanafunzi wa shule za upili ili achunguze makosa ya upatanisho wa kisarufi. Kazi ya kuhesabu aliikabidhi programu ya takwimu aliyoinakili kwa njia za panya, kwa kuwa bei ya leseni ilimshinda. Virusi vilivyokuwamo vikaivuruga tarakilishi yake, na jasho la miezi minane likaenda na maji. Sikumcheka. Ni wangapi miongoni mwetu, walimu kwa wanafunzi, walio na mikono safi katika jambo hili?

Dawa ya maradhi hayo ipo, na haiuzwi. Inaitwa NumPy, nayo ni maktaba ya lugha ya kompyuta iitwayo Python. Maktaba hapa si jengo la vitabu, bali ni mkusanyiko wa zana zilizokwisha kuundwa, ambazo mtunzi wa programu huziazima badala ya kuchonga zake upya. Kazi ya NumPy ni kushughulikia namba zilizopangwa kwa safu.

Msomaji anayelijua bao la Kiswahili hahitaji kufafanuliwa mengi. Bao lina safu nne, kila safu mashimo manane, jumla mashimo 32. Ukitaja safu ya pili, shimo la tano, kila mchezaji anajua pa kutia mkono. Jedwali la namba katika NumPy liko vivyo hivyo, ila Python huanza kuhesabu kwa sufuri. Kila namba ina anwani yake, na zote huwa za aina moja, mithili ya kete. Kwa kuwa aghalabu hukaa bega kwa bega katika kumbukumbu ya mashine, hupitiwa kwa kasi, bila kusimama kwenye kila shimo kuuliza humu mna nini.

Chukua mkulima wa Uasin Gishu mwenye mashamba manne, aliyeandika magunia ya mahindi aliyovuna kwa misimu minane. Akitaka kujua kilo, hana haja ya kuzidisha mara 32. Ataamuru jedwali zima lizidishwe kwa 90, uzito wa gunia, na jawabu litatoka kwa pamoja. Sasa weka insha mahali pa mashamba, na aina za makosa mahali pa misimu, nawe umeshika uti wa mgongo wa tasnifu ya isimu.

Lakini linalonivutia zaidi ni namna chombo hiki kilivyoundwa. Mwaka wa 1995 Jim Hugunin, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, aliandika maktaba iliyoitwa Numeric. Baadaye wanasayansi wa darubini ya angani ya Hubble, walioona kwamba haikuzifaa picha zao kubwa, wakaunda nyingine, Numarray. Watumiaji wakagawanyika kambi mbili. Zana iliyotungwa kwa hii haikutangamana na ile. Mnamo 2005 mhadhiri Travis Oliphant alijitwika kazi ya kuziunganisha, na toleo la kwanza kamili la NumPy likatoka mwaka wa 2006. Kwa zaidi ya mwongo mmoja kazi hiyo ilitegemea zaidi watu wa kujitolea. Ruzuku ya kwanza mahususi kwa maendeleo yake ilipatikana mwaka wa 2017 tu. Miaka miwili baadaye, ulimwengu ulipoonyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi la angani, NumPy ilikuwa miongoni mwa zana zilizoichakata.

Yamkini msomaji atasema hayo ni ya Wamarekani na mali yao. La hasha! Hapa hapa Eldoret tuna ushahidi wetu. Mwaka wa 2001 mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa kwa kompyuta ulianza kutumika katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji huu. Wagonjwa wa Ukimwi walipozidi kuongezeka chini ya mpango wa AMPATH, mfumo ule ulielemewa. Ndipo mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Indiana waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi wakabuni OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006. Leo inatumika katika nchi nyingi, na mfumo wa KenyaEMR wa vituo vyetu vya afya umejengwa juu yake. Haja ya Bonde la Ufa imezaa chombo cha ulimwengu.

Mbona basi sisi watu wa lugha tumekaa kando? Tukiingia darasani, tunamfundisha mwanafunzi kwamba Kiswahili kinamudu kila taaluma. Akituuliza zana hizi zaelezwaje kwa Kiswahili, tunakohoa. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutuonyesha njia kupitia mradi wa Kilinux, walipoitafsiri programu huria ya ofisi na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004. Wapo watakaoshikilia kwamba lugha ya sayansi ni Kiingereza, na kwamba istilahi mpya humchanganya mwanafunzi. Mimi naona kinachomchanganya ni kukariri neno asilolionea picha. Neno safu tunalo tayari. Limo katika bao, limo katika milima. Kulitumia si kukibuni Kiswahili upya.

Nasaha yangu ni hii. Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa Kiswahili waketi meza moja, waandike maelezo ya hatua za mwanzo kwa lugha ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili ataielewa. Mwanafunzi wa chuo naye, akigundua kosa katika programu huria, alitangaze na ajaribu kulisahihisha, kwani mlango hao hawakuufunga. Anayechota kisimani bila kusaidia kukizibua asishangae siku kitakapokauka.

Yule mwanafunzi wangu alianza upya. Insha zilikuwapo bado, katika karatasi. Aliziandika tena moja baada ya nyingine, akajifunza Python usiku, na jedwali lake likapata safu 200. Hakulipa leseni, wala hakuiba. Kinachobaki sasa ni aandike kwa Kiswahili jinsi alivyofanya, ili anayemfuata asipotelewe na miezi minane.