Mgahawa Wake, Jina la Wenyewe

Mfikirie baba mwenye mgahawa katika jimbo la California, Marekani. Majiko ni yake, mishahara hulipa yeye. Lakini jina lililo juu ya mlango ni la kampuni kubwa, nayo humtoza sehemu ya mauzo. Akichoka akataka kuuza, je, aweza?

Sheria ya jimbo hilo, iliyorekebishwa mwaka 2015, yasema aweza. Kwa mikataba iliyofungwa au kuongezwa muda tangu tarehe 1 Januari 2016, kampuni haina ruhusa ya kumkataa mnunuzi aliyetimiza masharti yake ya kawaida. Ikishapokea hati zote, imepewa siku 60 za kujibu. Ikikataa, sharti itaje sababu. Ikinyamaza, mauzo yahesabiwa kuwa yamekubaliwa. Kunyamaza ilikuwa silaha nzuri mno!

Na akifariki? Mjane na warithi hawafukuzwi. Hupewa muda wa kufaa wa kuendesha biashara, ambamo ama watimize masharti ya kampuni wenyewe, ama wamwuzie anayeyatimiza. Hapo naona kasoro: muda huo haukutajwa kwa siku, na mjane ambaye hajapata kuuona mkataba hajui ana miezi mingapi.