Kanuni za Majarida na Haki ya Kaya Iliyohojiwa

Mkoa wa Kagera ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambazo maisha ya wanavijiji wake yameandikwa sana katika majarida ya kitaaluma ya uchumi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo cha Tiba cha Muhimbili walifanya utafiti katika kaya zaidi ya 900 kwenye wilaya zote za mkoa wa wakati ule, Ngara na Biharamulo zikiwamo. Walitaka kujua jinsi vifo vya watu wazima, hasa vya UKIMWI, vinavyoathiri uchumi wa familia. Wadadisi walirudi katika kaya zilezile hadi mara nne, wakauliza habari za mashamba, mlo, ada za shule, maradhi na misiba. Mwaka 2004 na 2010 watu hao walifuatwa tena, hata waliokuwa wamehama mkoa. Kwa kuwa watoto walikuwa wamekua na kuanzisha miji yao, awamu ya 2004 ilifikia kaya zaidi ya 2,700. Taarifa hizo zilifutwa majina na kuwekwa wazi kwa mtafiti yeyote duniani. Hivyo habari za watu wa ukanda huu, kutoka pwani ya Ziwa Viktoria hadi kata za ndani kama Nemba, hujadiliwa katika vyuo vya Oxford na Washington, na mara nyingi wenyewe hawana habari.

Makala inapofika kwa mhariri wa jarida, kuna watu wengi wa kuisemea: mwandishi anatetea jina lake, chuo kinatetea heshima yake na mfadhili anataka kuona fedha zake zimezaa nini. Mkuu wa kaya aliyefungua mlango na kujibu maswali kwa saa nyingi hayupo. Kinachomwakilisha ni kanuni za jarida lenyewe: sharti la kuonyesha kibali cha kamati ya maadili, sharti la kuthibitisha kwamba waliohojiwa waliridhia kwa hiari, marufuku ya kubuni takwimu au kuiba kazi ya mwingine, marufuku ya kupeleka makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, na wajibu wa kutaja nani amelipia kazi. Wapo wanaoyaona masharti haya kuwa urasimu wa fomu. Kwa maoni yangu, haya ndiyo ulinzi wa mwisho wa mtu aliyetoa taarifa, na kila kanuni inafaa kupimwa kwa swali moja: inamlinda yeye kiasi gani?

Kanuni hizi zilizaliwa na madhara halisi. Mwaka 1998 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, kwa kutumia watoto 12 tu. Jarida liliifuta mwaka 2010, baada ya kuthibitika kuwa maelezo ya namna watoto walivyopatikana, na dai kwamba kamati ya maadili iliidhinisha vipimo walivyofanyiwa, hayakuwa ya kweli. Katika miaka hiyo 12, wazazi wengi waliogopa kuwachanja watoto wao. Kibali kilichoonekana kuwa karatasi tu ndicho kilichokuwa kiini cha udanganyifu, na walioumia kwanza ni watoto waliopimwa.

Upande wa Kagera unaonyesha faida ya kanuni nyingine, ile ya kuweka wazi takwimu na mbinu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa ghafla. Je, wenyeji walipata hasara au faida? Javier Baez, katika makala ya mwaka 2011, alionyesha kwamba watoto wa magharibi mwa Kagera waliokulia karibu na wakimbizi walifikia utu uzima wakiwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.8, na kiwango chao cha kujua kusoma na kuandika kilikuwa chini kwa pointi 7 za asilimia. Jennifer Alix-Garcia na David Saah, mwaka 2010, walikuta bei za vyakula visivyogawiwa kambini zilipanda na kaya za vijijini jirani na kambi zikaongeza mali. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, mwaka 2014, waliona kwamba wakulima wenye mashamba yao walinufaika huku vibarua wa mashambani wakiumia kwa ushindani wa wakimbizi waliotafuta kazi zilezile. Anayesoma makala moja tu anaweza kuwaambia watunga sera kwamba wakimbizi ni neema, au kwamba ni balaa. Anayesoma zote tatu anaona kwamba jibu linategemea umri, shamba na kazi ya mtu. Ulinganisho huo unawezekana kwa sababu kila mwandishi alilazimika kueleza alitumia takwimu zipi na alizichambua vipi. Uwazi huo unamlinda mwenyeji wa Ngara dhidi ya sera inayojengwa juu ya nusu ya ukweli.

Hata hivyo, makala hizo tatu zinafichua pengo. Waandishi wake walitoka taasisi za Marekani na Ulaya, na hawakuvunja kanuni yoyote, kwa sababu takwimu zilikuwa wazi kwa wote. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo majarida mengi hufuata miongozo yake, inamtambua mwandishi kwa vigezo vinne: awe na mchango mkubwa katika kubuni kazi, kukusanya takwimu au kuzichambua, ashiriki kuandika au kuhakiki mswada, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kamati hiyo inaongeza kwamba kila anayetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika vingine. Kwa haki, mdadisi anayejua kijiji na aliyegundua makosa katika dodoso alistahili kuitwa mezani. Lakini takwimu zikishawekwa hadharani, mtu aliyezikusanya hana tena mahali katika hesabu hiyo, na mara nyingi jina lake huishia kwenye shukrani. Kanuni inamtambua mchangiaji aliye ndani ya mradi na kumsahau aliyeutangulia.

Kuna wanaosema kwamba kanuni zenyewe ni ukuta uliojengwa na mataifa tajiri ili wasomi wetu wabaki nje. Malalamiko hayo yana msingi: ada za kuchapisha katika majarida ya wazi, yaani yanayosomwa bila malipo, hufika maelfu ya dola, na mswada wa mhadhiri wa Mwanza unaweza kurudishwa kwa sababu ya lugha kabla ya hoja yake kusomwa. Lakini kuondoa ukaguzi hakumsaidii mhadhiri huyo. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon, kwa niaba ya jarida la Science, alituma makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani kwa majarida 304 ya wazi, kwa majina ya kubuni na vyuo vya Afrika visivyokuwapo. Majarida 157 yaliikubali. Majarida ya namna hiyo huchukua ada, hayamhakiki mtu, kisha huwaacha wasomi wa Afrika na majina yaliyochafuka. Dawa yake ni majarida ya nyumbani yenye uhakiki wa kweli. Tayari tuna jarida la utafiti wa afya la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, tuna jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 1998 kuna jukwaa la African Journals Online linalowafikisha wasomaji kwa majarida ya bara hili. Yakiwa na ada nafuu na uhakiki usio na upendeleo, yanaweza kumlinda mwandishi na aliyehojiwa kwa pamoja.

Pingamizi la pili linahusu serikali. Tanzania ina masharti yake: mtafiti wa kigeni huomba kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa mwaka 1986, na anatakiwa kuwa na mshirika wa ndani, mtafiti wa afya huomba kibali cha NIMR, na kwa kawaida huomba tena ruhusa kabla ya kuchapisha. Wengine husema huo ni udhibiti, na wanatoa mfano wa marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliyozuia kusambaza takwimu za kupinga zile rasmi, hadi yalipobadilishwa mwaka 2019. Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza watu wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikasema vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa mmoja Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamefariki. Katika dharura kama hiyo, kila siku ya kutokujua ina gharama, na wahariri wa majarida ya tiba wamekubaliana kwamba mtafiti anayetoa mapema taarifa za kuokoa maisha asinyimwe nafasi ya kuchapisha baadaye. Ruhusa ya nchi ni halali inapouliza kama wanakijiji waliridhia na kama kuna Mtanzania aliyeshiriki kweli. Ikianza kuuliza kama matokeo yanaipendeza ofisi, imemwacha yule ambaye iliundwa kumlinda.

Mabadiliko yameanza. Mwaka 2021 wachapishaji PLOS walianza kuwataka watafiti wanaofanya kazi nje ya nchi zao waeleze ruhusa na ushirikiano waliopata kwa wenyeji, na mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti uliofanyika Cape Town mwaka 2022 ulizaa tamko la usawa katika ushirikiano wa kitafiti. Sisi tunaweza kwenda mbali zaidi kwa hatua zisizohitaji fedha nyingi. Kila jarida la Tanzania lidai muhtasari wa Kiswahili kwa makala inayohusu watu wa Tanzania. Lidai maelezo ya namna matokeo yalivyorudishwa kwa serikali ya kijiji na kwa wananchi. Anayetumia takwimu za zamani aeleze waliohojiwa waliridhia nini, na awataje waliozikusanya. Wahariri wa Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza wana mamlaka ya kuyaandika masharti haya katika toleo lao lijalo, na wananchi wa Ngara na Biharamulo, ambao wamejibu maswali ya dunia tangu mwaka 1991, wana haki ya kudai majibu yake.