Volti Zinazoishia Njiani
Mteja akiniambia pampu yake inanguruma lakini maji hayapandi, huwa nauliza kwanza: kisima kiko umbali gani, na waya ni wa ngapi? Juzi jibu lilikuwa mita 60, waya wa 2.5, yaani milimita za mraba. Basi twende kwenye jedwali la kebo.

Shaba ya 2.5 ina ukinzani wa omu 7.41 kwa kilomita, joto likiwa nyuzi 20. Lakini waya uliobeba mzigo hupata moto. Ukifika nyuzi 70, ukinzani hupanda kwa karibu asilimia 20, ukawa omu 8.9. Hili mafundi wengi hulisahau. Tena umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 120: omu 1.07. Pampu ikivuta ampea 10, volti 10.7 kati ya 230 zimepotea. Wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa zaidi, ndiyo maana inanguruma tu.

Riaktansi, yaani kizuizi kinacholetwa na usumaku wa mkondo geu, je? Ni kama omu 0.1 kwa kilomita. Kwenye waya mwembamba achana nayo. Kebo za 25 kwenda juu, ihesabu, hasa penye mota.

Kwa kisima hiki, nunua waya wa 6. Upotevu utashuka hadi volti 4.4.